Nyumba ya Kihindu inapoelekea ubatizo: yanayotangulia maji na yanayofuata

Familia ya Kihindu nchini India ikiamua kumfuata Kristo, kanisa hushikwa na haraka ya kupanga tarehe ya ubatizo, na familia hushikwa na hofu ya tarehe hiyo hiyo. Ubatizo wenyewe ni shughuli ya asubuhi moja. Kazi iko kwenye rafu ya sanamu iliyo pembeni mwa jiko, kwenye mkufu ulio shingoni mwa mke, kwenye cheti cha tabaka cha mtoto anayesubiri nafasi ya chuo, na kwenye swali la nani atawasha moto siku baba mzee atakapofariki. Sisi tunaofuatana na familia hizi tumeona nyumba zenye imani kali zikisambaratika kwa sababu hakuna aliyeyapanga mambo haya mapema, na nyumba za watu wa kawaida kabisa zikasimama kwa sababu yalipangwa.

Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Wahindu asilimia 79.8 na Wakristo asilimia 2.3. Ukitoa Kerala, Goa na majimbo ya kaskazini-mashariki kama Nagaland na Mizoram, familia inayobatizwa huenda ikawa ya kwanza mtaani kwake. Kanisa liko mbali; ndugu wako ukuta wa pili. Ndugu hao ndio watakaoshika mtoto akiugua usiku, ndio watakaoulizwa binti akitafutiwa mchumba. Kwa hiyo kila hatua ipimwe kwa swali moja: je, aliye nyuma kabisa nyumbani humu ataweza kuifuata, au itamfungia mlango?

Kwa kawaida anaanza mmoja. Mke aliyeombewa mtoto wake, kijana aliyesoma Agano Jipya chuoni, baba aliyeacha pombe. Kosa la kwanza hufanyika hapo: huyo mmoja anabatizwa kimya kimya, na wengine wanasikia kwa majirani. Mfano unaojulikana sana ni wa mshairi wa Kimarathi Narayan Vaman Tilak, mtu wa tabaka la juu la Wabrahmini, aliyebatizwa Bombay mwaka 1895 bila mke wake kuwa pamoja naye katika uamuzi huo. Mke, Lakshmibai, aliishi kwa jamaa zake kwa miaka kadhaa, na ndugu wakamwona kama mtu aliyefiwa na mume aliye hai. Alirudi kwa mumewe akiwa bado Mhindu, akakaa, akaangalia, na akabatizwa mwaka 1900 kwa uamuzi wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuja kuandika kumbukumbu za ndoa hiyo. Ukiyasoma maisha yao utaona kwamba hoja za dini hazikufanya kazi kubwa kama ile ya kuishi tena nyumba moja na mtu yule yule aliyebatizwa.

Utaratibu wa kutoa habari nao una mpangilio wake. Mwenzi wa ndoa kwanza, kisha wazazi wanaoishi chini ya paa lile lile, kisha kaka mkubwa, kisha wakwe. Isiwe kwa simu, na mchungaji asiwepo. Mchungaji akikaa pale sebuleni, wazee wanaacha kumsikiliza mtoto wao na kuanza kumtafuta aliyemdanganya. Anayesema aseme mambo machache: ameamini nini, nini hakitabadilika (matunzo ya wazazi, ada za wadogo, jina la ukoo), na kwamba hana haraka. Asianze kukosoa miungu ya nyumbani. Sentensi moja ya kudharau sanamu ya mama itakumbukwa miaka ishirini baadaye, wakati mahubiri yote yameshasahaulika.

Sasa rafu ya puja, yaani ibada ya kila siku mbele ya sanamu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Vitu vilivyomo havina hadhi sawa wala mwenye mali mmoja. Kuna picha za karatasi za kalenda, kuna sanamu ndogo za shaba, kengele, kombe la kupuliza, chetezo, sahani ya arati (ya kuzungushia taa mbele ya sanamu), taa ya samli, chupa ya maji ya mto Ganga. Kuna vilivyoletwa na bibi harusi kutoka kwao. Na kuna kuladevata, mungu wa ukoo, ambaye si mali ya nyumba ile hata kidogo. Ni wa ukoo mzima na hurithiwa. Kabla ya kugusa chochote, andikeni orodha, na mbele ya kila kitu muandike ni cha nani. Cha ukoo kinapelekwa kwa kaka au baba mdogo atakayeendelea na ibada, kikiwa kimesafishwa na kufungwa kwenye kitambaa safi, na anapewa mkononi. Cha mama mkwe aliye hai na anayeishi humo kinabaki chumbani kwake, na kinabaki kwa heshima. Vilivyobaki vinatolewa kwa jamaa au hekaluni. Wahindu wenyewe wana desturi ya kuzamisha kwenye maji yanayotiririka sanamu zilizovunjika au kuchakaa, kwa hiyo hata jirani akiona hilo halitamshtua.

Kuvunja kwa nyundo, kuchoma uani au kutupa jalalani, hapana. Kupiga video, hapana mara mbili. Mhubiri mgeni anayetaka kuona sanamu zikivunjwa ili apeleke picha kwa wafadhili wake anaiachia familia ile kesi na majirani wenye hasira, kisha anapanda treni. Sheria ya makosa ya jinai iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, kifungu cha 298, inatoa kifungo cha hadi miaka 2 kwa anayeharibu au kunajisi kitu ambacho kundi la watu linakihesabu kuwa kitakatifu, akiwa na nia ya kulitukana kundi hilo. Nia ndiyo inayobishaniwa mahakamani, na video ni ushahidi mzuri sana wa nia.

Rafu ikishaondolewa, ukutani hubaki doa jeusi la moshi wa taa na matundu ya misumari. Pakeni rangi wiki ile ile, maana mtu akiingia na kuona doa lile, mazungumzo yanaanza upya. Halafu msiache pembe ile tupu. Wekeni Biblia juu ya kibao, na taa kama mnapenda. Makanisa mengi ya Kerala yana taa ndefu ya shaba ya mafuta, ya umbo lile lile la asili, yenye msalaba juu. Kanisa Katoliki nchini India liliruhusiwa tangu 1969 kutumia arati, kuketi chini na kuinama kwa viganja vilivyounganishwa katika ibada, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwalazimisha watu kukaa kwenye viti vya plastiki nyumbani kwao ili waonekane Wakristo.

Muhimu kuliko taa ni saa. Puja hufanywa alfajiri baada ya kuoga, kabla ya kula, na tena jioni taa inapowashwa. Miili ya watu wote nyumbani imezoea saa hizo tangu utotoni. Familia ikiacha puja na kupewa ibada ya Jumapili tu, asubuhi sita za juma hubaki na shimo, na shimo hilo ndilo linalowarudisha watu nyuma bila wao kujua. Shikeni saa zile zile: kuoga, zaburi moja, bhajani moja, yaani wimbo wa ibada wa mtindo wa kwao, sala ya kila mtu, dakika 15 basi. Mtoto aliyezoea kupiga kengele apewe kazi: afungue Biblia au aanzishe wimbo. Akikosa kazi, atamkumbuka bibi na kengele yake.

Kuna dalili moja ya hatari ambayo walimu wengi huikosea kwa kuifurahia: picha ya Yesu imevikwa shada la maua na kuwekwa katikati ya sanamu nyingine. Kwa Mhindu hilo ni jambo jepesi, kwani rafu ina nafasi ya mmoja zaidi. Kitu cha kuulizana kwa upole ni nadhiri. Je, wanamwomba Yesu kwa mtindo wa "ukiniponyea mtoto nitakupa kadha"? Mtoto akiugua tena, nadhiri itahamishiwa hekalu jingine, na hapo hamna usaliti wowote. Ndivyo walivyofundishwa kuomba. Mafundisho yakae hasa juu ya mambo matatu: Mungu asiyenunuliwa kwa nadhiri, msamaha mbele ya sheria ya karma (kila tendo humrudia mtendaji), na Yesu asiyekuwa avatara, yaani mungu aliyeshuka kwa umbo fulani, mmoja kati ya wengi. Haya hayaishi kwa wiki tatu. Ukatekumeni wa Kikatoliki, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo, kwa kawaida huchukua karibu mwaka mmoja na kumalizikia mkesha wa Pasaka. Kanisa la India Kusini na Kanisa la India Kaskazini, yaliyoundwa kwa muungano mwaka 1947 na 1970, yana darasa lake. Makanisa ya Kipentekoste mengi hubatiza mapema, na kwa maoni yetu hapo kuna hasara kwa familia za Kihindu hasa, kwa sababu muda wa darasa ndio muda ambao ndugu huzoea jambo hilo. Varanasi wapo maelfu wanaoitwa Khrist Bhakta, wanaomwabudu Kristo kwa miaka mingi bila kubatizwa. Unaweza kubishana nao kiteolojia, lakini haraka hawana.

Mwanamke. Katika Uttar Pradesh au Bihar, mke asiye na sindur, unga mwekundu, kwenye mstari wa nywele, asiye na bangili wala bindi, doa la kwenye paji la uso, huonekana mjane. Mama mkwe akimwona mkwe wake katika hali hiyo asubuhi baada ya ubatizo, haoni Mkristo. Anaona mtu aliyemtangazia mwanawe kifo. Kwa hiyo mke wa mchungaji asithubutu kumfuta mtu sindur kisimani, jambo ambalo hutokea na huitwa ushuhuda. Uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe, kwa wakati wake, na mama mkwe aambiwe kabla. Wengine huacha sindur na kubaki na bangili na mkufu. Wengine hubaki na vyote kwa miaka, kwa kuwa kwao ni alama ya ndoa tu.

Mkufu wa ndoa ndio rahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu Wakristo wa kusini walishalimaliza suala hilo zamani. Tamil Nadu wanavaa thali yenye msalaba. Wakristo wa Kisiria wa Kerala wana minnu, kipande kidogo cha dhahabu chenye umbo la jani na msalaba wa vishanga 7 juu yake, kinachofungwa siku ya harusi kwa nyuzi 7 zilizochomolewa kwenye sari ambayo bwana harusi humpa mkewe. Familia ya kaskazini ikitaka, inampelekea sonara kidani cha mangalsutra, mkufu wa ndoa wa huko, kibadilishwe, shanga nyeusi zibaki. Mpimishe uzito wa dhahabu mbele yenu kabla na baada, na muandikiwe; sonara akipunguza gramu, lawama itaangukia dini mpya. Uzi wa janeu wa wanaume wa matabaka ya juu ni habari nyingine, kwa kuwa una kiapo ndani yake. Huo mwenyewe auvue, kwa mkono wake, kabla ya siku ya ubatizo.

Chakula kina mtego wa pande mbili. Prasad, yaani chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu, ni jambo la dhamiri, na Paulo ameliandika katika 1 Wakorintho sura ya 8 na ya 10. Kivitendo, fikeni kwa jamaa baada ya puja, wakati wa mlo wa kawaida. Mkikabidhiwa prasad, kataeni kwa maneno mafupi na ya adabu, wala msipokee kisha mkatupa nje, kwa maana mtaonekana. Mtego wa pili ni nyama. Nyumba iliyokuwa haili nyama wala mayai haina wajibu wowote wa kuanza kula. Harufu ya kitoweo ikifika kwa jirani, mtaa mzima utajua kwamba Ukristo ni kula nyama, na mama mzee hataweza tena kunywa maji kwenye vyombo vyenu. Nyama ya ng'ombe msiiguse kabisa. Majimbo mengi, Uttar Pradesh na Gujarat yakiwemo, yana sheria kali dhidi ya kuchinja ng'ombe. Katika sikukuu, Rakhi ishikeni bila wasiwasi, dada afunge uzi na kaka atoe zawadi. Diwali safisheni nyumba, pelekeni vitamu kwa majirani, washeni taa, acheni ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Watoto wacheze rangi za Holi.

Tugeukie sheria, na hapa umakini uwe maradufu. Katiba ya India, ibara ya 25, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na haki ya kukiri, kutenda na kueneza dini yake. Lakini mwaka 1977, katika kesi ya Stanislaus dhidi ya Madhya Pradesh, Mahakama ya Juu ilisema haki ya kueneza haimaanishi haki ya kumgeuza mtu mwingine. Uamuzi huo ndio unaozishikilia sheria za majimbo za kuzuia kugeuza dini kwa nguvu, hila au vishawishi, za kabla yake na za baada yake: Odisha tangu 1967, Madhya Pradesh tangu 1968 na sheria mpya ya 2021, kisha Gujarat, Himachal Pradesh, Chhattisgarh, Jharkhand, Uttarakhand, Haryana na mengine. Kerala na West Bengal hazina sheria hiyo. Tamil Nadu iliiweka 2002 kisha ikaifuta. Swali la kwanza kwa familia yoyote kwa hiyo ni: mnaishi jimbo gani, na ubatizo utafanyika jimbo gani?

Chukua Uttar Pradesh, kwa kuwa sheria yake ni kati ya zilizo kali zaidi. Anayebadili dini hupeleka tamko kwa mkuu wa wilaya siku 60 kabla. Anayebatiza hupeleka taarifa yake mwezi mmoja kabla. Polisi huchunguza nia na sababu. Baada ya ubatizo, tamko jingine ndani ya siku 60, lenye tarehe ya kuzaliwa, anwani, jina la baba, dini ya zamani na mpya, mahali na namna ya ibada. Na nakala yake hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ndani ya siku 21 tangu kupeleka tamko hilo, mtu afike mwenyewe kuthibitisha. Atakayeshtakiwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukuwa na hila. Gujarat ni zaidi ya taarifa: anayebatiza anatakiwa kupata kibali kwanza. Huko Himachal Pradesh, Mahakama Kuu ilifuta mwaka 2012 sharti la kutoa taarifa la sheria ya wakati huo, ikisema mtu hawajibiki kuiambia serikali anachokiamini. Jimbo likatunga sheria nyingine mwaka 2019.

Vipengele viwili vya Uttar Pradesh huwanasa watu wema. Kwanza, "kugeuza watu kwa halaiki" maana yake ni watu wawili au zaidi. Baba, mama na watoto wawili kwenye maji siku moja ni halaiki, na ikiamuliwa kuwa kulikuwa na hila, adhabu ni ya daraja la juu. Pili, kishawishi kimeelezwa kwa upana: zawadi, pesa, kazi, elimu ya bure katika shule yenye sifa inayoendeshwa na taasisi ya dini, maisha bora, hata kutishia ghadhabu ya Mungu. Mchungaji aliyemtafutia mtoto nafasi ya bure katika shule ya misheni mwezi mmoja kabla ya ubatizo ameshaandika hati yake ya mashtaka. Mwaka 2024 sheria hiyo iliongezwa makali, kifungo kikafika hadi cha maisha kwa makosa mazito zaidi, na mtu yeyote sasa anaweza kupeleka malalamiko, wakati mwanzoni yalikuwa ya mwathirika na jamaa zake.

Kwa hiyo, msaada wowote wa kanisa kwa familia hiyo usitishwe tangu wanapoanza darasa hadi muda mrefu baada ya ubatizo, au upitie mkondo unaohudumia watu wa dini zote na wenye kumbukumbu za maandishi. Kila mtu mzima aandike kwa mkono wake, kwa lugha yake, kurasa mbili za kwa nini anaamini na lini alianza, na atie tarehe. Karatasi hizo zikae kwa wakili. Mahakamani zina uzito kuliko picha za ubatizo. Na wakili atafutwe kabla, si siku polisi wanapogonga mlango.

Mambo ya tabaka ndiyo yanayogharimu familia maskini zaidi, na makanisa mengi huyanyamazia. Amri ya Rais ya 1950 kuhusu matabaka yaliyoorodheshwa, yaani Wadalit, watu wa matabaka ya chini kabisa waliotengwa zamani, wenye nafasi za upendeleo chuoni, kazini na bungeni, inawahusu Wahindu, Wasingasinga tangu 1956 na Wabudha tangu 1990. Mkristo hayumo. Akibatizwa, Mdalit anapoteza hadhi hiyo, na pamoja nayo ufadhili wa masomo, nafasi za ajira za serikali na kinga ya sheria ya 1989 dhidi ya ukatili wa kitabaka. Makabila yaliyoorodheshwa, Wasantal na Waoraon kwa mfano, hadhi yao haifuati dini. Andhra Pradesh ina kundi la BC-C, moja ya makundi ya matabaka yaliyo nyuma, kwa Wadalit waliogeuka kuwa Wakristo, lenye nafasi asilimia 1, pungufu mno ukilinganisha na walichoacha.

Matokeo yake wengi huishi wakiwa Wakristo Jumapili na Wahindu kwenye karatasi. Hatumlaumu mama anayefanya hivyo kwa ajili ya mtoto, lakini aijue hatari. Novemba 2024, katika kesi ya C. Selvarani, Mahakama ya Juu ilimnyima mwanamke wa Puducherry cheti cha tabaka lililoorodheshwa alichokihitaji kwa ajili ya kazi, kwa sababu alikuwa amebatizwa na anasali kanisani, na ikaita jambo hilo udanganyifu dhidi ya Katiba. Kitabu cha ubatizo cha parokia ni ushahidi. Familia ikae chini na kuhesabu: nani yuko chuoni kwa nafasi hizo, nani anasubiri ajira, miaka mingapi imebaki. Kuna wanaobatizwa wazazi kwanza na watoto wakikua wakajiamulia. Na anayerudi Uhindu anaweza kurudishiwa hadhi, kama ilivyoamuliwa mwaka 2015, ikiwa atathibitisha ukoo wake wa awali, kurudi kwake kwa kweli, na kupokelewa na watu wa tabaka lake.

Wala asidhani tabaka linaishia mlango wa kanisa. Tamil Nadu yapo makaburi ya Kikristo yaliyogawanywa kwa tabaka. Kabla ya kujiunga na parokia, ulizeni nani huzikwa wapi.

Ndoa haivunjiki kwa ubatizo. Lakini chini ya Sheria ya Ndoa za Kihindu ya 1955, mmoja akiacha Uhindu, mwenzake aliyebaki anapata sababu ya kuomba talaka. Chini ya sheria ya ulezi ya 1956, aliyeacha Uhindu hawezi kuwa mlezi wa asili wa mtoto wa Kihindu. Na mke aliyeacha Uhindu hawezi kudai makazi ya pembeni na matunzo kwa sheria ya matunzo ya mwaka huo huo. Hii ni sababu nyingine ya kumsubiri mwenzi. Kama ndoa yao haikusajiliwa, na wengi wana picha za kuzunguka moto tu, isajiliwe wakiwa bado Wahindu wote wawili, wapate cheti. Baraka ya kanisani baadaye ni baraka. Mchungaji asiiandike kwenye daftari kama ndoa mpya, maana itazua tarehe mbili za ndoa moja.

Katika mirathi, mgeuzwa mwenyewe hapotezi haki ya kurithi kwa wazazi wake. Sheria ya 1850 ilishaondoa adhabu hiyo. Wanaopoteza ni watoto watakaozaliwa baada ya yeye kugeuka: hao hawarithi kwa jamaa wa Kihindu isipokuwa wawe Wahindu siku mirathi inapofunguka. Jambo ambalo karibu hakuna anayelijua ni la mama. Mwanamume Mhindu akifa bila wosia, mama yake hurithi sawa na mjane na watoto. Mwanamume Mkristo akifa bila wosia, chini ya sheria ya 1925 mjane hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili, na mama, ikiwa kuna watoto, hapati kitu. Ubatizo wa mtoto umemwondoa mama yake kwenye mirathi bila yeyote kukusudia. Dawa ni wosia, uandikwe mwezi ule ule, mashahidi wawili, na mama aonyeshwe. Tunajua wazee waliolegea siku walipoonyeshwa karatasi hiyo kuliko walivyowahi kulegea kwa mahubiri. Goa na Uttarakhand zina sheria zao za kiraia, kwa hiyo huko hesabu ni tofauti.

Msiba ndio mtihani mkubwa, na hauna mazoezi. Baba Mhindu anapofariki, kijana mkubwa ndiye anayenyoa kichwa, anayewasha moto, anayekusanya majivu, anayetoa mipira ya wali kwa roho ya marehemu hadi siku ya 13. Akikataa siku ile, mbele ya maiti, hatasamehewa, na ataonekana amembania baba njia ya kwenda. Mazungumzo yafanyike baba akiwa mzima. "Baba, mimi nitakubeba, nitalipia kuni, nitasimama pale mpaka mwisho. Ya kuhani afanye mdogo wangu." Baba wengi hukubali, hata wakinung'unika, na baba akishasema mbele ya ndugu, ubishi umekwisha. Kivitendo kijana Mkristo anabeba jeneza la mianzi begani, anagharamia kuni na samli, anawalisha wageni, hali chochote kwenye ibada ya mababu lakini huwapakulia wengine chakula. Makanisa yanatofautiana kuhusu kunyoa kichwa. Kwetu ni alama ya kilio, anyoe.

Upande wa pili ni mgeuzwa anapokufa yeye. Kijiji kinaweza kukataa azikwe kwenye ardhi yake, na hakuna makaburi ya Kikristo karibu. Chhattisgarh migogoro ya namna hii imefika hadi mahakamani, maiti ikiwa bado mochwari. Ulizeni mapema parokia ya karibu yenye makaburi, wakati hakuna mgonjwa, na mpate jibu kwa maandishi. Kuchomwa moto nako makanisa mengi, Katoliki likiwemo tangu 1963, hayakatazi.

Jina libaki. Hakuna sheria wala kanisa kubwa linalodai Rajesh awe Yosefu kwenye kitambulisho. Jina la ubatizo linaandikwa kwenye daftari la parokia na linatosha. Anayetaka kulibadilisha kabisa anaanza na hati ya kiapo kwenye karatasi ya stempu, kisha matangazo katika magazeti mawili, moja la Kiingereza na moja la lugha ya jimbo, kisha Gazeti la Serikali, na baada ya hapo kitambulisho cha Aadhaar, kadi ya kodi ya PAN, benki na pasipoti, vyote vikiwa na herufi zile zile bila kuachana hata moja. Kwa mtoto, kama ni lazima, afanyiwe kabla ya mtihani wa darasa la 10, kwa kuwa cheti cha mtihani huo ndicho kitakachodaiwa kila mahali kuwa ushahidi wa jina na tarehe yake ya kuzaliwa, na kukirekebisha baadaye ni kazi ya miezi na barua nyingi za bodi ya mitihani.